Joto la Doha nyuzi 45, mbona napauka kama niko Makete?

MlinziWaPongwe

Wakuu habari za mihangaiko. Naomba msaada, hasa kwa mlioko huku Ghuba au mliowahi kukaa.

Mimi mtu wa Tanga, kazi yangu ulinzi, niko Doha. Nyumbani sikuwahi kujua ngozi kavu ni kitu gani. Kaskazi ikivuma mwezi wa kwanza na wa pili, ukitoka tu kuoga jasho limeshaanza, mafuta ya nazi kidogo unang'aa hadi jioni. Sasa kiangazi cha huku ndicho hiki, kuanzia mwezi wa sita hadi wa tisa, mchana joto linagonga nyuzi 45, na hapo ndipo mimi napauka. Miundi ina mistari myeupe, ukipitisha ukucha unaweza kuandika jina lako na mtu akalisoma. Viganja vinakwaruza shuka. Usiku mgongo unawasha mpaka najikunia kwenye chuma cha kitanda. Visigino naomba nisiviseme.

Maisha yangu yako hivi. Zamu ya saa 12, nusu niko getini, nusu niko chumba cha kamera ambako baridi yake lazima uvae sweta. Kambini tuko wanne chumba kimoja, kiyoyozi kiko 16 usiku kucha kwa sababu kuna jamaa wa Nepal anafanya ujenzi, anasema bila hivyo halali. Simlaumu, namwona anavyorudi. Naoga mara tatu kwa siku, kwa sabuni ya kuua vijidudu maana jasho la getini si mchezo, na dodoki nililokuja nalo kutoka nyumbani. Losheni nina chupa kubwa ya kubonyeza, napaka bila ubahili, nusu saa baadaye ni kama sijapaka.

Je, ni maji ya huku? Ni jua? Sinywi maji ya kutosha? Na nikiingia famasi ninunue nini, kwa sababu rafu ni nzima na pesa ya kujaribujaribu sina.

---

Kibarua_Deira

Pole ndugu yangu. Mimi wa Likoni, niko Dubai, jikoni kwa hoteli, upande wa masufuria, kwa hivyo mambo ya mikono kupasuka nayajua.

Maji yote ya Ghuba watu husingizia chumvi. Ni kweli ni ya bahari, lakini yatolewa chumvi kiwandani kabla hayajakufikia. Kinachokuumiza ni moto. Tangi liko juu ya paa, jua lalipika kutwa. Ukifungua bomba la baridi saa tisa mchana wajichemsha mwenyewe.

Sisi ikifika mwezi wa sita twazima hita. Kabisa, swichi chini. Ile hita iko ndani, juu ya dari ya bafu, na ndani kuna kiyoyozi, kwa hivyo maji yaliyolala ndani yake yapoa yawa sawa na chumba. Basi bomba la alama nyekundu ndilo la baridi, na la buluu ndilo la moto, mpaka mwezi wa kumi. Mgeni akija twamwambia mlangoni kabla hajavua viatu.

Shida ni moja: tangi la hita ni dogo. Mkiwa wanne, wa kwanza aoga raha, wa nne aoga ya paa. Wewe jaza ndoo usiku uiache chumbani na kifuniko, asubuhi uogee kopo kama nyumbani.

---

Mzushi_Mtulivu

Mkuu usihangaike. Nenda bakala yoyote, vile viduka vya mtaani vya huku, uulize krimu ya tyubu nyembamba, wanaijua, wanaiweka nyuma ya kaunta. Siku tatu tu ngozi laini, na rangi inatakata kabisa. Wife anatumia mwaka wa pili huu.

---

MtotoWaMakete

Mwenyeji wa Makete hapa. Mtusitiri. Sisi kupauka ni mwezi wa sita na wa saba, baridi ya kipupwe ikikaza. Mvua zikianza tunang'aa kuliko nyie watu wa pwani.

---

NesiWaMuttrah

Assalaam alaykum. Mdogo wangu wa Pongwe, hebu kaa hapa nikueleze. Na wewe wa tyubu nakuja kwako, usiondoke.

Mimi nesi, mzaliwa wa Unguja, nafanya kazi kliniki ya ngozi hapa Maskati. Joto likianza tunawajua watakaokuja: madereva, wapishi, walinzi, mabinti wa kazi za ndani ambao mikono imechanika kwa dawa za kusafishia sakafu. Karibu wote wanalishitaki jua. Jua lina yake, lakini wewe kinachokupausha ni chumba cha kamera na chumba cha kulala.

Kesho mchana zunguka nyuma ya jengo lenu, pale mpira wa kiyoyozi unapotokea. Utakuta maji yanachuruzika, pengine kuna mtu kakinga ndoo anamwagilia mti wake. Yale maji yalikuwa ndani ya hewa ya chumba chenu. Kiyoyozi kinapopoza hewa kinaikamua unyevu, na ile iliyobaki kavu inapokupiga usiku kucha inachukua maji kwako. Ngozi ya juu kabisa ni tabaka la seli zilizokwisha kufa, zimepangana, na katikati yake kuna mafuta yanayozuia maji ya ndani yasitoroke. Sasa wewe mafuta hayo unayaondoa kwa maji ya moto, sabuni kali na dodoki, mara tatu kwa siku, halafu unakwenda kulala mbele ya upepo wa 16. Tanga ulikuwa ukijisugua vile vile, ila hewa ya pwani ina maji yake, haikukudai.

Watu wanadhani Ghuba ni kavu mwaka mzima, na sivyo. Mwezi wa sita shamali ikivuma kutoka kaskazini magharibi na vumbi lake, hapo ni ukavu khasa. Ikifika mwezi wa nane unyevu wa bahari unapanda, ukitoka nje miwani inaingia ukungu. Lakini wewe kwenye miezi yote hiyo saa zako nyingi uko ndani, kwa hiyo mwezi wa nane nao hutaona nafuu kubwa.

Kabla hujanunua chochote, tuanze bafuni. Kuoga mara tatu sikukatazi, kazi yako naijua. Ila sabuni isipite mwili mzima kila mara. Kwapa, kinena na nyayo, basi. Miundi haina jasho la kunuka, unaiadhibu bure. Mara moja kwa siku oga kwa sabuni vyema, nyingine mbili maji na sehemu hizo tatu tu. Dakika tano zinatosha, kumi ni nyingi. Ile sabuni ya kipande, hasa hiyo unayosema ya vijidudu, ni ya magadi: pH yake, yaani kipimo cha ukali wa magadi au uchachu, inafika 9 au 10, na ya ngozi yako iko kama 5. Tafuta sabuni iliyoandikwa kuwa ni ya ngozi kavu na haina manukato. Dodoki litundike, lisubiri hadi upone.

Ukimaliza, jigusishe taulo, usijisugue. Acha ngozi iwe na ubichi, kisha upake ndani ya dakika tatu, hapo hapo bafuni, usingoje ufike chumbani kwenye upepo. Hiyo losheni yako ya kubonyeza ni maji mengi na mafuta kidogo, maji yake yanaruka na wewe unabaki na harufu. Nenda famasi, angalia rafu ya chini kabisa, chukua mafuta ya mgando ya kawaida, yasiyo na rangi wala harufu. Bwana mmoja wa Marekani, Robert Chesebrough, aliyakatia hataza mwaka 1872, na kwa bei yake mpaka leo sijaona kinachoyashinda katika kuzuia maji yasitoke.

Namna ya kuyapaka ndiyo wengi hawaijui. Chota kiasi cha punje ya kunde, si zaidi. Sugua viganja hadi yayeyuke na uone viganja vinang'aa, ndipo ushuke nayo kwenye mundi kutoka gotini kwenda chini, kufuata malaika yanavyolala. Ukipaka kwa kupandisha, au ukabandika donge, utaziba vinyweleo na utapata vipele. Mundi wa pili, punje nyingine. Likibaki la kunata, umepaka mengi, lipanguse na taulo. Sare haitachafuka.

Gliserini ukiipenda, ichanganye na maji na juu yake upake mafuta. Gliserini tupu kwenye hewa kavu inavuta maji, na yakikosekana hewani inayatoa ndani ya ngozi yako. Mafuta ya nazi mazuri kwa mwili, endelea nayo, ila kwa miundi iliyofika ulipofika ni mepesi.

Visigino ulivyovionea haya: omba krimu ya yurea, ile inayolainisha ngozi ngumu, asilimia 20 au 25, usiku, vaa soksi za pamba ulale. Kama kuna mpasuko wazi itakuchoma, basi ziba mpasuko kwa mgando mpaka ujifunge, ndipo uanze yurea. Kwa miundi yurea ya asilimia 10 yatosha, na si lazima, ni kama pesa ipo.

Huyo kijana wa Nepal mwacheni na baridi yake. Wewe geuza kichwa upande wa pili. Kata karatasi ngumu ya boksi, muibandike chini ya mdomo wa kiyoyozi ili upepo uende darini badala ya kushuka vitandani. Lala na fulana ya pamba ya mikono mirefu. Mkikubaliana hata 22 si haba, bora 24.

Maji kunywa, tena mengi, lakini kwa ajili ya joto. Mlinzi wa getini anywe kabla ya kiu, na mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi ujue umechelewa. Hayo ni ya kukuokoa usianguke. Mtu ambaye mwili wake una maji ya kutosha, hata akiongeza lita mbili juu, miundi haitaona tofauti. Nasema kwa sababu kila siku naambiwa "nesi nakunywa maji sana na bado napauka."

Jua: uso, shingo, nyuma ya mikono, losheni ya jua yenye kiwango cha kinga (SPF) 30 kwenda juu, urudie kila saa mbili ukiwa nje. Weusi wetu unapunguza, haumalizi. Ila kwa mlinzi mimi napenda kofia ya ukingo mpana na mikono mirefu kuliko losheni, kwa sababu nguo haihitaji kurudiwa. Na ukumbuke Qatar kazi za juani zimepigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Juni hadi 15 Septemba, saa 4 asubuhi hadi saa 9 na nusu alasiri. Kama wanakusimamisha juani saa hizo, hilo si la losheni tena.

Haya, bwana wa tyubu. Kamata hiyo tyubu, chini ya jina kubwa kuna jina dogo. Ukisoma klobetasoli au betamethasoni, hiyo ni steroidi. Dawa nzuri, hata sisi tunawapa wagonjwa wa ukurutu, kwa siku za kuhesabu na mahali pa kuonesha kwa kidole. Mwili mzima kila siku, ngozi inakuwa nyembamba, inapata michirizi, chunusi, mishipa inaonekana usoni, na jua la huku likiipata hiyo ngozi ni balaa. Rangi kutakata ndiyo dalili yenyewe. Na kama imo hidrokwinoni au zebaki, basi huo ni mkorogo umewekwa kwenye tyubu.

---

Mzushi_Mtulivu

Nesi, mbona wife hana tatizo lolote? Ngozi safi kabisa.

---

NesiWaMuttrah

Muulize akikosa kupaka siku mbili tatu uso unakuwaje. Ukisikia "unawaka" au "unatoka vipele," jibu umelipata. Na asiache ghafla kwa sababu umesoma hapa. Aende na tyubu yake kwa daktari wa ngozi, wampunguzie taratibu.

---

Akii_Lira

Niko Doha pia, Industrial Area, mimi ni Mganda wa kaskazini. Kwetu hutumia moo yaa, yaani mafuta ya shea. Ya kwetu ni laini kuliko yale ya Afrika Magharibi, yanayeyuka mapema. Huku kiangazi ni maji matupu. Ukitumiwa, hakikisha mfuniko umefungwa na mfuko wa plastiki juu yake, la sivyo nguo zako zote zitanuka moshi. Kwa ngozi hii ya baridi ya kiyoyozi mimi sijaona kama hayo.

---

NesiWaMuttrah

Yanafaa sana, Akii. Na harufu ya moshi ni ya namna yanavyotengenezwa kijijini, haijaharibika. Mwenye nayo ayatumie kama nilivyosema mgando.

---

MlinziWaPongwe

Nesi nimesoma mara mbili, na kuna wenzangu watatu nimewatafsiria kwa Kihindi changu cha kambini. Shukrani.

Mrejesho. Boksi tumelibandika, na aliyelikata ni yule yule Mnepali, kumbe fundi. Kiyoyozi tumesogea hadi 21, kwa mashindano. Hita imezimwa. Mzee wa Likoni umesema kweli kuhusu mtu wa nne, tumeweka zamu. Mpira wa kiyoyozi nimekwenda kuuangalia, kweli bwana, ndoo ilikuwa imejaa na kuna mtu kapanda mchicha pale.

Miundi imetulia, ile alama ya ukucha inatoka kwa kutafuta. Kuwasha usiku kumepungua sana. Mgando nilikuwa nauona wa kupaka watoto wachanga tu.

Yamebaki mawili. Getini kila gari ninaloshika kibali chake natakiwa nipake kitakasa mikono, yaani siku nzima. Viganja havijapata nafuu. La pili si langu: mama yuko nyumbani, ana sukari, na yeye magaga yake anayakata kwa wembe akishaloweka miguu kwenye maji ya moto. Nimwambie nini kuhusu hiyo yurea, nimtumie?

---

Kibarua_Deira

Kwa mikono mimi nafanya hivi: kabla ya zamu mgando kidogo, juu yake glavu za pamba, juu yake za mpira. Glavu za mpira peke yake mkono hutoka jasho, huloa, halafu hupasuka zaidi. Getini hutaweza za mpira lakini za pamba waweza.

---

NesiWaMuttrah

Nimefurahi kwa mchicha.

Mikono: kitakasa chenye gliserini ndani yake kinaumiza kidogo kuliko kunawa sabuni mara kwa mara, kwa hiyo soma chupa, na usifanye vyote viwili kwa pamoja. Kikishakauka chenyewe mkononi, paka krimu nzito kidogo, weka kityubu mfukoni. Usiku mgando na hizo glavu za pamba za bwana wa Likoni. Kama viganja vitaanza kutoa maji, au ngozi ikachanika na kutoka damu, au vipele vya majimaji vikaota kando ya vidole, hapo si ukavu tena, ni ukurutu wa mikono, nenda kituo cha afya uoneshe.

Mama: mpigie leo. Wembe aache, na maji ya moto aache. Mwenye sukari anaweza kupoteza hisia za nyayo bila kujijua. Anajikata hasikii, anajiunguza hasikii, kidonda kinakaa mwezi. Yurea usimtumie kabla miguu haijaangaliwa. Mwambie aende kliniki ya sukari anakohudhuria na avue viatu aoneshe visigino, asingoje kuulizwa. Kwa sasa aoshe miguu kwa maji ya kawaida, akaushe hadi katikati ya vidole, apake mgando nyayo na visigino peke yake. Katikati ya vidole asipake, pakikaa unyevu fangasi wanaingia. Na kila jioni mjukuu amtazame chini ya miguu kwa tochi ya simu, maana mwenyewe hawezi kupaona.